Sekondari za Kikatoliki za Wavulana Jijini New York: Maswali Wanayouliza Wazazi wa Afrika Mashariki

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi wanaoishi New York, au ng'ambo ya mto upande wa New Jersey, na wenye kijana aliye darasa la 6, la 7 au la 8. Kama kijana wako yuko darasa la 8 na Oktoba imeshaingia, ruka moja kwa moja hadi swali la kalenda. Mengine utayasoma ukishatuma fomu.

Tunazungumzia shule za namna gani?

Ni shule za kutwa, za miaka minne, kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Hazina bweni. Mzazi aliyesoma seminari au shule ya misheni nyumbani huja akiuliza bei ya godoro na sanduku la bati, na hujibiwa kwamba mtoto atarudi kulala kwake kila siku.

Zinazotajwa zaidi ni hizi. Regis iko Manhattan, mtaa wa 84 mashariki, ni ya Wajesuiti na ilianzishwa 1914. Xavier iko mtaa wa 16 magharibi, nayo ni ya Wajesuiti, ya tangu 1847. Fordham Prep iko Bronx ndani ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Fordham, tangu 1841. Cardinal Hayes iko Bronx, barabara ya Grand Concourse, na ilifunguliwa 1941. La Salle Academy, ya Mabruda wa De La Salle, iko Manhattan tangu 1848. Ng'ambo ya mto Hudson, Jersey City, iko St. Peter's Prep ya Wajesuiti, ya tangu 1872.

Ni za Kanisa, basi zote si ni za askofu?

Hapana, na tofauti hiyo inagusa mfuko wako. Zipo za jimbo kuu, kama Cardinal Hayes, na zipo za mashirika ya kitawa, kama za Wajesuiti, zenye bodi zao na mfuko wao wa misaada. Shule za jimbo kwa kawaida ada yake iko chini. Za mashirika ada yake iko juu, ila nyingi zina wahitimu wa zamani wanaochanga sana, kwa hiyo msaada wanaotoa unaweza kuwa mkubwa. Usiifute shule kwenye orodha kwa sababu ya bei iliyotangazwa kabla hujaomba msaada.

Ni kweli Regis hailipishi ada?

Ni kweli, na ndivyo ilivyo tangu mwanzo. Fedha za kuianzisha zilitolewa na Julia Grant, mjane wa Hugh Grant aliyekuwa meya wa New York kuanzia 1889 hadi 1892. Mama huyo alitoa kwa sharti jina lake lisitajwe, na kwa miaka mingi halikutajwa. Leo shule inaendeshwa kwa michango, hasa ya waliosoma hapo. Anthony Fauci, daktari ambaye dunia nzima ilimwona kwenye televisheni wakati wa Korona, ni mmoja wao, mhitimu wa 1958.

Ila sikia masharti. Mwombaji awe mvulana Mkatoliki aliyebatizwa, na awe na alama za juu darasani. Utaratibu wake wa maombi ni wa peke yake, haupitii mtihani wa pamoja tutakaoueleza chini, na wanaovuka mchujo wa kwanza huitwa kwenye usaili. Shule nzima ina wanafunzi kama 530 tu, kwa hiyo wanaokosa nafasi ni wengi kuliko wanaopata, na wamo watoto wenye akili sana. Mwache mtoto ajaribu, lakini asiwe na shule hiyo moja tu mkononi. Regis pia ina mpango uitwao REACH, wa kuwanoa vijana kutoka familia za Kikatoliki zenye kipato kidogo. Huo huchukua watoto wakiwa wadogo, miaka kadhaa kabla ya darasa la 8, kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la 5 aulize sasa.

Kwenye usaili, vijana wetu wana kasoro moja ambayo nyumbani ni adabu: hutazama chini na kujibu "ndiyo" na "hapana". Anayemsaili anaona mtoto asiye na la kusema. Mfundishe kumtazama mtu usoni na kutoa jibu lenye "kwa sababu" ndani yake. Akiulizwa anapenda kusoma nini, ataje kitu alichokisoma kweli, hata kama ni kurasa za michezo. Akitaja kitabu kikubwa ambacho hajakifungua, swali la pili litamuumbua.

Maombi yanafanywa lini?

Kwa wazazi wengi wageni kikwazo cha kwanza huwa kalenda, hata kabla ya ada. Nyumbani tumezoea kusubiri matokeo ya mtihani wa taifa ndipo tutafute shule. Hapa mtoto anaomba mwaka mzima kabla ya kuanza, akiwa ndiyo kwanza ameingia darasa la 8.

Kwa jiji la New York mwaka unakwenda hivi. Mwishoni mwa Agosti usajili wa TACHS, ule mtihani wa pamoja, unafunguliwa, na katikati ya vuli unafungwa. Septemba na Oktoba shule hufungua milango kwa wageni, jioni au Jumapili, na kipindi hichohicho maombi ya Regis yanakuwa yanaendelea. Mwanzoni mwa Novemba mtihani unafanywa. Kati ya Novemba na Januari unajaza fomu za msaada wa ada. Katikati ya Januari majibu yanatoka. Februari shule inataka malipo ya kushika nafasi, na Septemba masomo yanaanza. Siku kamili hubadilika kila mwaka, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya TACHS na ya kila shule.

Wa New Jersey wasifuate kalenda hii. Jimbo Kuu la Newark lina utaratibu wake, na St. Peter's Prep hufuata wa huko.

TACHS ni mtihani gani?

Ni mtihani mmoja unaotumiwa na shule za Jimbo Kuu la New York pamoja na Jimbo la Brooklyn, ambalo linashika Brooklyn na Queens. Una sehemu nne: kusoma na kuelewa, lugha, hesabu, na uwezo wa kufikiri. Kikokotoo hakiruhusiwi. Jibu baya halikati alama, kwa hiyo asiache swali wazi.

Sehemu mbili huwasumbua waliosomea Afrika Mashariki. Ya kwanza ni lugha. Tahajia na alama za uandishi zinazotakiwa ni za Kimarekani, na mtoto aliyefundishwa kuandika "colour" na "centre" atadhani ameona kosa mahali lisipokuwepo. Katika hesabu nako kuna inchi, futi, paundi na galoni. Tarehe 3/4 hapa ni Machi 4, si Aprili 3.

Ya pili ni hiyo ya uwezo wa kufikiri, ambayo haijafundishwa darasani popote. Anaoneshwa picha ya karatasi inayokunjwa mara moja au mbili, kisha inatobolewa tundu, halafu anaulizwa matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. Au anapewa maumbo matatu yanayofuatana na atafute la nne. Akikutana na maswali haya kwa mara ya kwanza chumbani mwa mtihani, nusu ya muda itaishia kwenye kuelewa anachotakiwa kufanya. Chukueni karatasi halisi nyumbani. Ikunje mbele yake, itoboe kwa kalamu, mwambie achore matundu yatakapokuwa, ndipo ikunjuliwe. Wiki mbili za zoezi hilo, dakika 15 kwa siku, zinatosha kuondoa ugeni. Kwa hesabu na kusoma anza kiangazi kabla ya darasa la 8. Kitabu kimoja cha mazoezi cha TACHS kinatosha, bora kimalizwe.

Mwenye mahitaji maalumu ya kujifunza anaweza kuongezewa muda, lakini nyaraka zake ziwe zimewasilishwa wakati wa usajili. Asubuhi ya mtihani hakuna wa kumsikiliza.

Ni nini huharibika kwenye usajili?

Majina. Mtoto anaitwa jina moja shuleni, jingine kwenye pasipoti, na cheti cha ubatizo kina la tatu. Nyumbani jina la baba na la babu yanafuatana bila kuleta shida. Hapa mfumo unauliza jina la kwanza na la ukoo, basi. Chagua namna moja, ile iliyo kwenye rekodi za shule anayosoma sasa, na uitumie kila mahali. La sivyo matokeo ya mtihani na rekodi ya shule havitakutana.

Rekodi yenyewe ni kikwazo cha pili. Sekondari inataka alama za darasa la 7 na mwanzo wa la 8, pamoja na mahudhurio na siku za kuchelewa. Aliye shule ya msingi ya Kikatoliki, shule yake inajua la kufanya. Aliye shule ya serikali, mzazi ndiye wa kuchukua fomu, kumpelekea mshauri wa wanafunzi, na kurudi kuulizia kama imetumwa. Mshauri mmoja anaweza kuwa na mamia ya watoto. Mpe fomu mapema, na nenda tena baada ya wiki mbili, kwa upole lakini nenda.

Kwenye TACHS tunaorodhesha shule tatu. Mpangilio una maana?

Una maana. Weka ya kwanza ile ambayo mtoto angeipenda kweli na ambayo alama zake zinaikaribia. Kosa la kawaida ni kujaza shule tatu zote za kiwango cha juu kabisa. Januari bahasha zote tatu zikija na "hapana", nafasi za shule nyingine zimeshaanza kujaa. Ya tatu iwe ile ambayo una hakika nayo, na ambayo mngekubali kuilipia.

Tunaweza kuomba na shule za serikali?

Ndiyo. Maombi ya shule za serikali na mtihani wa SHSAT, wa shule kama Stuyvesant na Bronx Science, ni njia nyingine kabisa. Shida ni kwamba majibu ya serikali kwa kawaida hutoka Machi, wakati shule ya Kikatoliki inataka malipo ya kushika nafasi kabla ya hapo, na fedha hiyo mara nyingi hairudishwi. Ziko familia zinazolipa kisha zinaipoteza kwa kujua. Ni uamuzi wenu, ila ufanywe Desemba mezani, msije mkaufanya usiku wa siku ya mwisho.

Ada ni kiasi gani?

Ukiiondoa Regis, ada zilizotangazwa zinaanzia kama dola 10,000 kwa mwaka kwenye shule za jimbo hadi zaidi ya dola 25,000 kwenye baadhi ya shule za mashirika. Juu yake weka ada ya usajili, ya teknolojia, vitabu, sare na mafungo, na mwaka wa mwisho ada ya mahafali. Omba orodha ya gharama zote kwa maandishi; neno "ada" peke yake halizijumuishi. Malipo yanaweza kugawanywa kwa miezi, mara nyingi kumi.

Serikali ya New York haina vocha za kumlipia mtoto ada ya shule binafsi. Ukisikia za Florida, ni za Florida.

Msaada wa ada unaombwaje?

Shule nyingi hutumia mfumo wa FACTS. Unajaza mtandaoni, unalipa kiasi kidogo cha maombi, na unapakia fomu za kodi: 1040 na W-2 za mwaka husika. Kwa hiyo mtu asiyewasilisha hesabu za kodi hana cha kuonesha. Anayelipwa taslimu aanze kuwasilisha sasa. Ziko ofisi za hisani zinazosaidia kujaza bure, na asiye na namba ya Social Security anaweza kutumia ITIN, namba ya kulipia kodi.

Mambo manne huwakosesha watu msaada. Moja, kuchelewa: fedha hugawiwa wa mwanzo mwanzo, na mwenye shida zaidi akija Aprili hukuta mfuko umekauka. Mbili, wazazi walioachana: mfumo unataka taarifa za wote wawili, na mmoja akikataa, andika barua ya maelezo na uipeleke shuleni, usiache sehemu ile tupu. Tatu, kutuma fedha nyumbani: dola 400 unazomtumia mama kila mwezi hazionekani kwenye fomu ya kodi, na kompyuta inadhani unazo. Waandikie, ambatanisha risiti za miezi sita. Si lazima wazihesabu, lakini anayesoma ni binadamu, na kiasi kinaweza kupitiwa upya. Nne, kusahau kwamba maombi ni ya kila mwaka. Msaada wa darasa la 9 haujirudii wenyewe darasa la 10.

Nje ya shule kuna Inner-City Scholarship Fund kwa shule za Jimbo Kuu la New York, na Student Sponsor Partners, ambayo tangu 1986 humlipia kijana wa kipato kidogo sehemu ya ada ya sekondari na kumpa mlezi wa kumfuatilia. Kila mmoja una fomu zake, na hakuna anayekukataza kuomba zaidi ya mmoja.

Barua ya msaada ikija na kiasi kisichotosha, piga simu ya ofisi ya fedha, sema kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi, namba kamili. "Tusaidieni" haina jibu. "Naweza dola 350, nimepungukiwa 120" inalo.

Sisi si Wakatoliki. Sisi ni Waislamu. Mtoto atapokelewa?

Regis hapana; nyingi za nyingine ndiyo. Atasoma somo la dini miaka yote minne, na alama zake zinahesabiwa kama za hesabu. Ni somo la darasani: mwaka wa kwanza Biblia na ufunuo, halafu Kristo, Kanisa na sakramenti, maadili, na mwishoni mara nyingi haki za jamii au dini za dunia. Atahudhuria Misa za shule, akae kwa heshima, ila hatapokea komunyo. Wenzake wakipanga mstari anaweza kubaki kitini au kwenda mbele na mikono imekunjwa kifuani apate baraka tu.

Kwa Mwislamu, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ni matatu: chumba cha kusali adhuhuri, ruhusa ya swala ya Ijumaa, na mtihani ukiangukia Iddi. Shule nyingi zina jibu zuri, hasa kwa aliyeuliza mapema. Mwezi wa Ramadhani mwambie kocha pia, kabla ya mazoezi.

Kijana wetu amefika juzi kutoka Nairobi, Dar au Goma. Ataingia darasa gani?

Kwa makadirio, kidato cha kwanza ni darasa la 9 na cha nne ni la 12, lakini umri na kiwango cha Kiingereza huamua. Leta ripoti za miaka miwili au mitatu zenye muhuri wa shule. Zilizo kwa Kiswahili au Kifaransa zitafsiriwe na mtafsiri anayetoa cheti cha usahihi. Tafsiri ya shangazi haikubaliwi hata kama shangazi ni profesa. Nafasi za katikati ya mwaka zipo, hasa darasa la 10, kwa sababu kuna wanaohama. Za darasa la 12 hazipatikani kirahisi.

Kuwa mkweli kuhusu Kiingereza. Shule nyingi kati ya hizi ni ndogo na hazina programu kubwa ya wanaojifunza lugha. Shule ya serikali inawajibika kisheria kuwa nayo. Kwa aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu na hajawahi kuandika insha ya Kiingereza, mwaka mmoja kwanza katika shule ya serikali yenye programu hiyo unaweza kumfaa kuliko tai na bleza.

Kwa cheti cha ubatizo, mwandikie katibu wa parokia alikobatizwa, taja namba iliyo kwenye kadi na mwaka. Ndugu aliye karibu aende mwenyewe. Barua pepe za parokia hukaa sana.

Chanjo zinazotakiwa ni zipi?

Polio, surua-matumbwitumbwi-rubela, tetekuwanga, homa ya ini B, Tdap (pepopunda, dondakoo na kifaduro), na ya uti wa mgongo, ambayo hutakiwa darasa la 7 na tena la 12. Kadi ya kliniki ya nyumbani inasaidia, kwa hiyo isibaki kwa bibi. BCG iliyoacha kovu begani haimo kwenye orodha, wala ya homa ya manjano. Tetekuwanga na uti wa mgongo ndizo hukosekana zaidi. Aliyetoka nchi nyingine anaweza kuanza masomo akiwa bado anakamilisha, hadi siku 30, akionesha miadi ya daktari. Msamaha kwa sababu za dini ulifutwa New York mwaka 2019, na sheria inazihusu shule za Kanisa pia.

Yuko bado nyumbani. Shule inaweza kumletea viza?

Baadhi zimeidhinishwa kutoa I-20, fomu ya shule ya kuombea viza ya mwanafunzi, yaani F-1. Shule ya serikali haiwezi kumpokea mwanafunzi wa F-1 zaidi ya miezi 12. Shule binafsi haina ukomo huo. Lakini fahamu gharama: ada kamili kwa kawaida bila msaada, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, uthibitisho wa fedha benki, na mtu mzima wa kuishi naye, maana bweni hakuna. Mtoto ambaye tayari anaishi hapa kihalali na familia hahitaji I-20. Wakala anayekuambia "nafasi ipo, tuma fedha" bila shule kukuandikia moja kwa moja, mwache.

Nauli je?

Mwanafunzi wa jiji anayestahili kwa umbali hupewa kadi ya nauli ya OMNY hata kama shule ni ya Kanisa. Tangu 2024 ina safari nne kwa siku, saa yoyote, hata wikendi. Anaipata shuleni. Haifanyi kazi kwenye treni za PATH, LIRR wala Metro-North, kwa hiyo wa Jersey City wapange fungu la nauli.

Kabla ya kuorodhesha shule, panda treni na mtoto siku ya kazi saa 12:45 asubuhi. Jumapili ya kutembelea shule itakudanganya, treni ziko tupu. Regis unashukia 86th Street kwa namba 4, 5 au 6. Hayes ni 149th Street kwa 2, 4 au 5. Xavier kituo cha PATH cha 14th Street kiko karibu. Safari ikizidi saa moja na robo, fikiria na siku ya mazoezi atakapotoka saa 12 jioni, na kazi ya nyumbani ya muda wa saa tatu ikimsubiri.

Sare?

Bleza au sweta, shati la kola, tai ya kufunga mwenyewe, mkanda, suruali ya kitambaa, viatu vyeusi vya ngozi. Raba hurudisha watu nyumbani. Mfundishe kufunga tai Agosti, mbele ya kioo, mpaka aifunge bila kuangalia. Vikundi vya akina mama wa shule huuza sare zilizotumika mwezi Juni. Bleza ya dola mia na zaidi unaipata kwa sehemu ndogo ya bei, na anayekua sentimita 10 kwa mwaka hahitaji mpya. Kuhusu rasta na misuko, uliza mapema na upate jibu kwa maandishi.

Wanachapa?

Hapana. New York ilikataza viboko hata kwenye shule binafsi mwaka 2023. Shule za Wajesuiti zina adhabu iitwayo JUG, ambayo wanafunzi hueleza kwa utani kuwa ni kifupi cha "haki chini ya Mungu". Ni kubakizwa baada ya masomo, pengine kusafisha au kukaa kimya. Hutolewa kwa kuchelewa, simu, kifungo cha juu kilichoachwa wazi. Mtoto akisema kwenye simu "nina JUG", hajafukuzwa, atachelewa chakula. Kinachofukuzisha ni wizi wa kazi ya mwenzake, dawa za kulevya, na ubaguzi au uonevu unaorudiwa.

Michezo?

Hushindana kwenye ligi ya CHSAA ya shule za Kikatoliki. Mpira wa kikapu ni wa kiwango cha juu. Fordham Prep na Xavier hukutana kwenye futiboli ya Kimarekani wakati wa Sikukuu ya Shukrani, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 19. Mbio za nyika hukimbiwa Van Cortlandt Park, Bronx. Sema tu kwamba mtoto ni Mkenya, na kocha atamtafuta kabla hajajua hata kama anakimbia.

Nitajuaje mtoto yuko salama?

Tangu maaskofu wa Marekani walipopitisha mkataba wa kulinda watoto mwaka 2002, wafanyakazi na wanaojitolea kwenye shule hizi hupitia mafunzo na ukaguzi wa rekodi. Nawe ukitaka kusimamia safari ya darasa, utapitia vilevile. Usilichukue kama kudharauliwa. Uliza nani anapokea malalamiko, na kumbuka polisi hupigiwa moja kwa moja, huna haja ya kuanzia kwa paroko.

Shule inaweza kufungwa mtoto akiwa ndani?

Inaweza. Power Memorial, aliyosoma mcheza kikapu Kareem Abdul-Jabbar, ilifungwa 1984, na Rice ya Harlem ikafuata 2011. Uliza idadi ya darasa la 9 kwa miaka mitano iliyopita. Ikishuka kila mwaka, uliza kwa nini, na usikilize jibu linachukua muda gani kutoka.

Tumepata barua ya siri kutoka shuleni kuhusu Kairos. Ni nini?

Ni mafungo ya siku tatu au nne, ya mwaka wa tatu au wa nne, yanayofanywa na shule nyingi za Wajesuiti. Mzazi huombwa kumwandikia mtoto barua, naye asijue mpaka apewe huko. Iandike kwa mkono, na kwa lugha mnayozungumza nyumbani. Kurasa mbili zinatosha. Usiorodheshe ada ulizolipa wala saa za ziada ulizofanya kazini. Anazijua, anakuona ukirudi usiku. Itume kabla ya tarehe waliyotaja, kwa sababu atakayekosa bahasha atakaa akitazama wenzake wakifungua zao. Tumejiuliza kama ni sawa kuifichua siri hii hapa, tukaona watoto wenyewe ukurasa wa Kiswahili hawaufungui.